Kitabu Kilichochanwa Kuanzia Nyuma

Uongo wa Mama Adolphine ulijulikana kutoka Baraka mpaka vijiji vya juu ya Fizi. Alisema kwamba wakati wa uasi wa zamani aliwahi kuficha mbuzi watatu ndani ya kikwembe alichovaa, akapita nao kwenye bariera ya askari, na mbuzi hawakulia kwa sababu alikuwa amewasimulia tabia za mkwewe wakaingiwa na huzuni. Alisema marehemu mume wake alikoroma mpaka viboko wa ziwani wakaitikia, na kiboko jike mmoja akatoka majini akaja kupiga hodi. Watu walicheka, wakachukua mikate yao, wakaenda. Hakuna aliyewahi kuumia kwa uongo wa Mama Adolphine, na jambo hilo alilitaja kila mara kama mtu anayeonyesha cheti cha shule, maana cheti chenyewe hakuwa nacho. Darasani hakuingia hata siku moja.

Mikate yake ilikuwa viduara vya unga alivyokaanga ndani ya mawese pale mwaloni, mahali mitumbwi inaposhusha ndakala, wale dagaa wa ziwani, na wanawake wanawaanika juu ya mchanga. Zamani aliifunga katika majani ya mgomba. Lakini vita vilipokolea, wenye bunduki wa mjini wakiwa huku na wenye bunduki wa mlimani wakiwa kule, shamba lake la migomba likabaki katikati yao, na jani la mgomba halikuwa kitu cha kufia. Ndipo siku moja askari akamletea gunia la vitabu kutoka shule fulani ambayo haikuwa tena na paa wala wanafunzi. Akalibadilisha kwa beseni la mikate, akala akiwa amesimama, akaenda.

Vitabu vya hesabu viliisha mapema. Halafu akatoa kitabu kinene chenye picha kwenye jalada. Mwanaume mweupe kama bugali ya muhogo alikuwa amefumba macho, pua yake imeegemea shingo ya msichana, na msichana ameinua kidevu kama kuku anayesubiri kisu. Mama Adolphine aliiangalia picha ile mara moja tu. Akakigeuza kitabu kifudifudi juu ya mapaja yake asimwone tena yule bwana, akaanza kuchana karatasi kutoka upande uliokuwa juu. Yaani kutoka nyuma. Kwake karatasi ilikuwa karatasi, na hakujua kwamba kitabu kina kichwa na mkia.

Aliyekuwa akigeuza mikate ndani ya karai ni Gentille, mjukuu wake wa miaka kumi na saba. Mama yake Gentille alibaki Makobola siku ya mauaji, na miaka ile mtu akisema fulani alibaki Makobola, hakuna aliyeuliza alibaki akifanya nini. Msichana alikuwa amesoma miaka miwili ya sekondari kabla milango ya shule haijafungwa. Kifaransa alikijua vizuri, na macho yake yalikuwa na njaa ya maandishi. Karatasi ya kwanza ilipomfikia, hakufunga mkate. Aliisoma. Kisha akaisoma kwa sauti, akiigeuza kwa Kiswahili, na wanawake waliokuwa wakianika samaki wakasogea.

Karatasi hiyo ilikuwa ya arusi. Katika mji mkubwa wa Wazungu, ambako treni zinapita chini ya ardhi, mwanaume aliyekufa zamani lakini bado anatembea alimvalisha msichana pete ndani ya nyumba ya mawe, mishumaa elfu ikiwaka, akamwambia kwamba wao wawili hawatakufa kamwe. Félicité, jirani aliyeanika ndakala karibu na karai, alishika kifua. Mwaka ule, pale Baraka, mwanaume aliyeahidi kwamba hamtakufa alikuwa ameahidi kitu kikubwa kuliko nyumba ya mabati. Kesho yake Félicité alikuja kutaka mkate ambao hakuwa na njaa nao, mradi apate karatasi inayofuata.

Hivyo ndivyo hadithi ilivyoenda, karatasi kwa karatasi, ikirudi kinyumenyume bila mtu kulalamika. Gentille aliona namba za kurasa zinashuka, lakini hakumwambia nyanya yake. Aliogopa akimwambia atakisukuma kitabu chote ndani ya moto, maana Mama Adolphine alikuwa ameanza kukichukia kwa moyo wote, na akichukia kitu hakumficha mtu.

Kwanza alichukia mikono ya yule bwana. Kila karatasi ilirudia kwamba mikono yake ni baridi, na msichana anaipenda hivyo hivyo. Mama Adolphine alisema kwamba nyumbani kwao mtu mwenye mikono ya namna hiyo anaoshwa, anavalishwa, halafu watu wanachukua majembe. Alichukia kwamba bwana hali chakula, na akauliza mke wa mtu kama huyo anaamka asubuhi kufanya nini. Alipoambiwa kwamba umri wake ni miaka mia mbili na kwamba msichana bado ni wa shule, aliuliza shangazi zake wako wapi. Gentille akapekua, hakuna shangazi. Kitabu kizima, mzee wa miaka mia mbili anamfuata mtoto wa shule barabarani, na hakutokea hata mwanamke mmoja wa kumfukuza kwa mwiko!

Palikuwa pia na watu wanaogeuka mbwa wakubwa mwezi ukijaa, wakipigana na wafu katika barabara za mji ule. Hapo alicheka kwa dharau. Alitaka kujua ni vita gani hivyo ambavyo wenyeji wanaendelea kwenda kucheza muziki, hakuna mtu hata mmoja anayepita na godoro kichwani.

Félicité alimtetea bwana wa watu. Akamkumbusha Mama Adolphine kwamba hata yeye anasimulia habari za mamba aliyegeuka kijana akaoa msichana wa ufukoni.

"Ile yangu iko uongo yenye akili," Mama Adolphine alijibu. "Mamba anakuja na viatu, bamama banaona nyayo zake ziko na maji, shangazi anachukua muchi wa kutwanga anamupasua kichwa. Bisimulizi bya namna ile, batu ba zamani babitunga juu binti akimbie. Huyu wenu ametunga juu binti ajipake mafuta."

"Koko, we huelewi," Gentille alisema bila kuinua macho kwenye karatasi. "Anaweza kumuua, lakini anajizuia juu anamupenda. Njo mapendo."

"Majirani bote ba hapa banajizuia kuniua kila siku. Hakuna hata mumoja mwenye nimeolewa naye."

Wanawake walicheka. Gentille hakucheka, na Mama Adolphine akaliona hilo.

Sababu yake ilikuwa na pikipiki. Iliitwa Henri. Huyu Henri alinunua dhahabu kwenye mashimo ya Misisi, akapita bariera za pande zote mbili bila kuulizwa, na watu walisema risasi zikimfikia zinageuka maji. Alivaa miwani nyeusi hata jua likiwa limeshazama. Alikuja mwaloni jioni jioni tu, akasimama mbali kidogo na moshi, akaongea polepole kama mtu anayehesabu maneno. Hakuwahi kuchukua hata mkate mmoja. Jioni moja Mama Adolphine alimsikia akimwambia mjukuu wake kwamba yeye ni mtu mbaya, amefanya mabaya mengi, lakini kwake yeye peke yake atakuwa mzuri.

Mwanamke mwingine angesikia tishio. Gentille alisikia kitabu. Uso wake uliwaka kama umepakwa mawese, na usiku ule aliuliza kama kule Misisi kuna baridi.

Ndani ya wiki hiyo mambo yakawa wazi: Henri alitaka kumpeleka Misisi siku ya Jumamosi, juu ya pikipiki, bila kuja nyumbani, bila wazee, bila kikwembe cha kumvika nyanya. Gentille alikuwa amekubali. Mama Adolphine alibaki na mtoto mmoja tu wa mtoto wake katika dunia yote, na mtoto huyo alikuwa anafunga nguo.

Kitabu nacho kilikuwa kimekonda. Karatasi zilizobaki zilieleza mambo ambayo arusi ilikuwa imeyafunika. Kabla ya msichana wa mishumaa palikuwa na wengine. Mmoja alikuwa mpishi, mwingine aliuza maua, na bwana mwenye mikono baridi aliwanywa damu akawaacha vichochoroni. Félicité aliposikia hayo aliweka chini kapu la samaki, akauliza kama ni mtu yule yule.

"Njo yeye," Gentille akajibu. "Lakini haina kitu. Tunajua mwisho, anabadirika."

Félicité alichukua karatasi, akaonyesha kwa kidole namba zilizo chini. Yeye alikuwa amefika darasa la tatu. Akamweleza Mama Adolphine kwamba kitabu kinaanzia upande ule wa picha, na kwamba wamekula hadithi hii kuanzia matakoni.

Mama Adolphine aliziangalia karatasi zilizobaki. Kwa hiyo ni yeye. Mkono wake mwenyewe ndio uliompa mtoto arusi kwanza na damu baadaye, mpaka damu ikaonekana kuwa njia tu ya kufika kwenye mishumaa. Akaangalia barabara ya Misisi. Henri naye alikuwa amempa Gentille karatasi ya mwisho peke yake. Karatasi zake za mbele zilikuwa mikononi mwa nani?

Siku hiyo hakukaanga tena. Alienda kukaa na wanawake wanaobeba ndakala wakavu mpaka Misisi na kurudi, wale wanaojua kila nyumba ya njia ile. Hakusema uongo hata mmoja, na wao wakashtuka, wakajua jambo ni zito. Wakamwambia. Mwaka uliopita Henri alichukua msichana wa Kilembwe anayeitwa Immaculée, kwa pikipiki ile ile. Akamweka katika nyumba yenye shuka za maua wiki tatu. Halafu komanda mmoja akalitamani shimo la Henri, na Henri, badala ya shimo, akamtoa Immaculée. Msichana alipotoroka kwa komanda hakuweza kukaa Kilembwe. Sasa alikuwa hapa hapa Baraka, kwa dada ya mama yake, upande wa kanisa la Waprotestanti, akishona na kutotoka nje.

Mama Adolphine alimkuta akiwa na sindano mkononi. Hakumwomba atoe ushuhuda. Alimweleza tu kwamba ana mjukuu, na Jumamosi inakaribia. Immaculée alishona mishono kadhaa kabla ya kujibu.

"Sitasema kitu, mama. Nilisha kusema kwetu Kilembwe, batu bakaniangalia paka mimi, mimi peke yangu. Lakini chakula naweza kuleta."

Nyumbani, Mama Adolphine alimpa Gentille sharti moja. Henri aje mchana, jua likiwa juu, akae kwenye mkeka mbele ya watu, ale bugali. Akila, msichana ataenda Misisi na baraka yote, na yeye nyanya hatafungua kinywa tangu mgeni anapokaa mpaka anapoinuka. Gentille alimwangalia sana. Koko kunyamaza kwa muda wa chakula kizima lilikuwa jambo ambalo hata mume wake aliyewaamsha viboko hakulishuhudia. Akalipeleka neno hilo kwa Henri, akafurahi alipokubali.

Alhamisi mchana pikipiki ilisimama mbele ya nyumba. Félicité alikuwepo na wanawake wengine wanne wa mwaloni, wote wamejifanya wanachambua sombe, yale majani ya muhogo. Henri aliketi, miwani usoni. Kwenye jua lile alionekana mdogo kuliko jioni. Ukosi wa shati lake ulikuwa umechakaa na shavu moja lilikuwa na vipele vya kunyolewa vibaya. Gentille aliviona vipele hivyo kwa mara ya kwanza, akavisamehe.

Sehemu zile mgeni hawekewi chakula kikaachwa mbele yake hivi hivi. Sumu inaogopwa kuliko risasi, kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayemega kwanza, anachovya, anameza mgeni akimwangalia. Baada ya hapo mgeni anakula, hata kama ameshiba. Asipokula, ametukana nyumba, au ana habari zake mwenyewe zinazomzuia.

Aliyetoka jikoni na bugali ni Immaculée. Aliweka sahani chini, akaweka bakuli la sombe na ndakala, akapiga goti, akamimina maji ya kunawa juu ya mikono ya mgeni. Henri alinawa akiongea na Gentille, halafu akageuza uso kumshukuru anayemimina, na mikono yake ikabaki hewani ikidondosha maji.

Mama Adolphine alimega, akachovya, akameza. Akamega mara ya pili, akameza. Akapanua mdomo kabisa mgeni aone kwamba ni mtupu. Ulimi wake ulimwasha kwa maneno, akaung'ata.

"Sina njaa," Henri alisema.

Sombe ilitoa mvuke. Henri alifuta mikono kwenye suruali, akauliza chakula kimepikwa na nani.

"Na koko," Gentille akasema. "Huyu ameleta tu. Unamujua?"

"Hapana."

"Kama haumujui, juu ya nini unaogopa mukono yake?"

Henri alimwambia apande pikipiki, watakula mbele. Alisema kwa sauti ile ile ya polepole, lakini mchana maneno hayakuwa na giza la kujificha, na kila mtu aliyasikia yalivyo. Gentille hakusimama. Alimwangalia Immaculée, ambaye bado alikuwa amepiga goti na kopo la maji mkononi, macho yake kwenye mkeka, mishipa ya shingo imesimama. Aliiangalia shingo hiyo kwa muda mrefu. Kisha akavuta sahani upande wake, akamega tonge kubwa, akalichovya katika sombe iliyoletwa na mkono ule, akala. Akamega tena. Alikula kama mtu aliyefunga siku tatu, machozi yakianguka ndani ya bakuli, na Immaculée akaweka kopo chini, akanawa, akaanza kula naye.

Henri aliondoka. Mama Adolphine hakufungua kinywa mpaka mlio wa pikipiki ulipokwisha, maana ahadi ni ahadi, halafu akamtukana yeye, baba yake, fundi aliyemtengenezea pikipiki na mbuzi aliyekula majani ya kaburi la babu yake, bila kupumua.

Kisha ikaja hofu. Henri alitangaza kwenye vilabu kwamba bibi wa mikate ametaka kumtilia sumu, na kwamba anajua watu wa kuja kuzungumza naye. Kwa mwaka ule, maneno kama hayo yaliwahi kuchoma nyumba. Mama Adolphine, Gentille na Immaculée walihamia kwa Félicité. Siku ya kwanza Mama Adolphine hakukaanga mikate. Siku ya pili aliwasha moto, akaweka karai, na mtu wa kwanza alipouliza yaliyotokea, alimsimulia jinsi Henri asiyepigwa risasi alivyokimbia bakuli la sombe.

Alivyosimulia mchana ule, sombe iliinuka kwenye bakuli ikamnong'oneza. Jioni ilikuwa imemkimbiza hadi barabarani. Kesho yake, kwa wavuvi waliotoka Mushimbakye, sombe ilipanda pikipiki nyuma yake, ikamshika kiuno kama mke, wakaenda pamoja mpaka mto Mutambala, ndakala wawili wakikimbia nyuma wakidai wamesahauliwa. Wanawake wa samaki waliibeba habari hiyo Misisi pamoja na makapu yao. Haikupita muda, pikipiki ikionekana tu, mtu kutoka kwenye mitumbwi anaita, "Sombe!" na mwalo wote unalia kwa kicheko. Komanda mmoja, wanasema, alicheka mpaka akaomba asimuliwe tena. Mtu anayeogopwa anaweza kuvumilia kuchukiwa miaka mingi. Kuchekwa, yule hakuvumilia wiki tatu. Alitafuta njia nyingine ya kupitishia dhahabu yake.

Kitabu kilikuwa kimebaki na karatasi moja na lile jalada. Gentille aliisoma karatasi hiyo ya kwanza akiwa amesimama, na wanawake hawakumwomba asome kwa mahanjamu. Ilieleza msichana aliyekutwa kichochoroni asubuhi, amevaa kiatu kimoja. Félicité akauliza jina lake. Gentille akaitafuta karatasi mbele na nyuma. Jina halikuwepo. Akaikunja mara nne, akaisukuma chini ya karai ndani ya moto.

Jalada lilikuwa gumu na zuri kwa kufungia, na Mama Adolphine hakuwa mtu wa kutupa kitu. Alilifungia mikate sita ya moto, picha ikiwa ndani, mawese yakamwingia yule bwana machoni, akampa Félicité kwa kuwa ndiye aliyempenda zaidi.

Immaculée alikuwa pembeni akikanda unga, maana sasa alikuwa anatoka nje. Félicité, mdomo umejaa, alilalamika kwamba hakuna tena hadithi, na akaomba basi wasimuliwe ile ya mamba.

"Mamba amekufa," Mama Adolphine alisema. "Shangazi alimupiga muchi wa kichwa, paka mara moja."

"Lakini hiyo iko mwisho, Koko," Gentille akasema.

"Toka leo inaanzia pale. Bote bamuone kwanza amelala na ulimi inje, njo nitabaambia vile alikuwa muzuri."

Akatia viduara vya unga ndani ya karai, akaanza kueleza viatu vya marehemu.